Oili Ilikuwepo Stoo

Zahanati ya Kijiji cha Mapambano,
Nyuma ya Kaliua, njia ya Mpanda.

Kwa Baba yangu, fundi wa Ng'ambo, Tabora,

Shikamoo Baba. Na nyingine mfikishie Mama, maana najua barua hii utaisomea uani, spana mkono mmoja, naye atakuwa anakuuliza kutoka jikoni, "Mwanao anasemaje?" Mwambie mwanawe ni mzima, anakula, analala, hana homa. Ila ana hasira. Nimekaa na hasira hii siku tisa nikingoja ipoe ndipo nikuandikie. Nimeona haipoi, basi naandika ikiwa ya moto hivi hivi.

Goti lako je? Ulisema siku hizi huwezi kuingia chini ya lori bila mtu wa kukuvuta miguu utoke. Usijikaze, Baba. Wapo mafundi wenye magoti mazima hapo uani, waingie wao.

Nilikwisha kukuandikia kwamba kijiji chetu kina gari. Ni pikapu kuukuu, aliiacha mkulima mmoja wa tumbaku aliyeuza vitu vyake akarudi kwao Ulaya. Kijiji kilipoipata ilikuwa imeshachoka, milango imefungwa kwa waya, lakini injini yake ilikuwa nzima. Nililisikiliza siku ya kwanza likinguruma nikajua, huyu mzungu hakuwa mvivu. Tukaambiwa kwenye mkutano kwamba gari hili ni mali yetu sote, litabeba wagonjwa kwanza, na mazao, na kazi nyingine za kijiji. Tukapiga makofi.

Sasa mali ya wote, Baba, nani anaiangalia? Dereva wetu, Mzee Kasanda, ni mtu mwema mwenye watoto wanane, lakini alijifunza kwenye trekta la shamba la kijiji. Anajua kuwasha, kukanyaga na kusimamisha. Nilimkuta anajaza rejeta maji ya bwawani yenye tope. Betri ilikuwa imekauka hata vichwa vyake vimeota unga mweupe. Oili hakuna aliyejua ilipimwa lini. Nikasema moyoni, mimi nimelelewa kwenye uwanja wa fundi, nimefua ovaroli kabla sijajua kufua nguo zangu, leo nikae nitazame gari la wagonjwa wangu likifa? Nikaanza kulihudumia.

Kila asubuhi kabla sijafungua zahanati nilikuwa napita pale lilipoegeshwa. Nalifanyia vile vile ulivyonifundisha: gari limesimama mahali pa sawa, injini ya baridi, natoa kijiti cha kupimia oili, nakifuta kwa kitambaa safi, nakirudisha mpaka mwisho, nakitoa tena ndipo nasoma. Halafu maji, ya kisima, yaliyochujwa. Halafu mkanda wa feni naubonyeza kwa kidole. Tairi nazipiga kwa kisigino. Mzee Kasanda mwanzoni alicheka, akaita watu waje waone nesi anavyolipima gari joto. Baadaye akaacha kucheka, akawa anakuja mapema anasimama kando yangu. Mwezi wa tatu alikuwa anapima mwenyewe na kuniita nihakikishe. Oili tulikuwa tunaongeza kidogo kidogo, kwa sababu gari lilikuwa linavuja kwenye sili ya nyuma, ule mpira wa kuzuia oili, nililiona tone lake mchangani kila asubuhi. Gari la namna hiyo halihitaji muujiza, linahitaji mtu wa kulitazama. Wewe ndiye uliyekuwa ukisema hivyo.

Aliyekuwa hapendi ni Katibu wa kijiji. Huyu ndiye anayeshika funguo za stoo, na kopo la oili linakaa stoo. Kila nikimwomba alikuwa na neno. "Nesi, gari hili linakunywa kuliko walevi." Au, "Nesi, mbona kila siku, unalipaka nywele?" Lakini alikuwa anafungua. Mpaka siku hiyo.

Siku hiyo nilikuwa na mama mmoja anaitwa Kalunde, mimba yake ya kwanza, binti mwembamba ambaye watu wake walihamia hapa kutoka upande wa Nzega na ng'ombe wao. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake. Nilipompima asubuhi nikaona mtoto ametanguliza matako. Nikasema huyu si wa kuzalishwa hapa, huyu aende Kaliua kwa daktari, tena sasa hivi. Nikamtuma mume wake amwite Mzee Kasanda, nami nikaenda garini kufungua boneti.

Kijiti kilitoka na tone moja tu pale chini kwenye ncha. Nikakifuta, nikarudia. Vile vile.

"Mzee Kasanda, oili iko chini ya alama ya mwisho."

Akakitazama, akatikisa kichwa. "Jana tulibeba matofali kutwa nzima, mwanangu. Ya nyumba ya Katibu. Sikupata nafasi hata ya kulipumzisha."

"Kopo si lipo?"

"Lipo, nililiona juzi. Lakini ufunguo anao mwenyewe."

Sijamaliza kufikiri nimpate wapi, mwenyewe akatokea, amevaa suti yake ya mikono mifupi, mkoba kwapani, nyuma yake watu wawili wamebeba magunia ya mpunga. Alikuwa na safari ya Tabora, alisikia gari linaenda Kaliua, akaja. Nikamwambia:

"Ndugu Katibu, naomba ufunguo wa stoo. Gari halina oili."

"Halina, au imepungua?"

"Imepungua hadi chini ya alama."

"Basi ipo. Tutaongeza Kaliua."

"Ni dakika tano tu, Ndugu Katibu. Stoo ile pale."

"Ufunguo uko nyumbani, na treni hainingoji mimi wala wewe." Kisha akasema kwa sauti, ili wale waliosimama wasikie, "Hebu niambie, Nesi, wewe una mgonjwa au una gari?"

Watu wakacheka. Na hapa, Baba, ndipo ninapojilaumu mimi. Nilinyamaza. Kalunde alikuwa ameegemea ukuta wa zahanati anauma khanga asipige kelele, nikaona kila neno ninalobishana na mtu huyu ni dakika yake yeye. Ningesimama mbele ya gari. Ningelala mbele ya tairi. Sikufanya hivyo, nilifunga boneti.

Nikasema basi Kalunde akae mbele, nami nikae naye nimshike. Katibu akasema kiongozi hawezi kukaa nyuma na magunia kama mbuzi. Akaingia mbele. Kalunde akawekwa katikati, kati yake na Mzee Kasanda, na mimi mkunga, mwenye mkoba wa dawa na mikasi iliyochemshwa, nikapanda nyuma juu ya mpunga wa Katibu. Andika hilo moyoni, Baba. Mkunga nyuma, mpunga nyuma, Katibu mbele ya mzazi.

Tulitoka. Njia ile wazee wa hapa wanasema ndiyo waliyopita wapagazi wa zamani wakitokea Ujiji kuja kwetu Unyanyembe, pembe za ndovu begani, wana njaa, wana vidonda. Wale walifika. Sisi wenye injini hatukufika hata nusu.

Nilianza kusikia harufu kwanza. Unaijua ile harufu ya chuma kinachoungua bila moshi. Halafu mlio, ko-ko-ko, mwepesi, kama mtu anagonga mlango kwa ukucha. Nikapiga paa la gari kwa kiganja. Gari likapunguza mwendo. Nikashukuru. Halafu likaongeza tena. Nikapiga kwa ngumi, nikapiga kwa kiatu, nikaita, "Simamisha! Simamisha!" Gari likazidi kukimbia. Ule mlio ukawa wa nyundo, tukashuka bonde moja, na tulipoanza kupanda ikatoka sauti moja kubwa, magurudumu ya nyuma yakakwama, tukasota kwenye mchanga mpaka tukasimama. Kimya, Baba. Katikati ya pori la miombo, mbung'o wameshaanza kutuzunguka.

Nilifungua boneti. Kijiti nilikitoa kikavu, cheusi, cha moto hata kikaniunguza kidole. Mzee Kasanda alikitazama akageuza uso.

Katibu alitazama saa yake. Haki ya Mungu, hilo ndilo alilotazama. Akaja mrina asali mmoja na baiskeli yake, anatoka porini, makopo ya asali yamefungwa nyuma. Katibu akamwamuru ayafungue makopo na kuyaacha kando ya njia, kisha yeye Katibu akakaa kwenye kiti cha nyuma na mkoba wake mapajani. Nikashika usukani wa baiskeli.

"Ndugu Katibu, mtoto huyu anatoka vibaya. Ukifika Kaliua, usipande treni kabla hujatutumia gari."

"Nitawatumia msaada," akasema. "Shughulika na kazi yako."

Msaada huo, Baba, mpaka leo uko njiani.

Nilimshusha Kalunde, nikatandika khanga zangu mbili chini ya kivuli cha gari. Mzee Kasanda alikata tawi, akageuka atupe mgongo kwa heshima, akawa anatufukuzia mbung'o huku akisali kwa sauti. Sitakueleza kila kitu, wewe ni baba yangu na mengine ni ya wanawake. Nitasema tu kwamba miguu ilitoka, mwili ukatoka, kichwa kikakataa. Nilihesabu pumzi zangu mwenyewe. Mikono yangu ilikumbuka nilichofundishwa kabla kichwa changu hakijakumbuka, na mtoto akatoka wa bluu, mlegevu kama kitambaa kilicholowa. Nikampangusa, nikampulizia, nikamsugua mgongo. Hakulia. Kalunde alinitazama tu. Nikampulizia tena. Alipokohoa na kulia, Mzee Kasanda alikaa chini mchangani, mtu mzima yule, akalia naye.

Ni wa kike. Na damu ya mama ilitoka nyingi, halafu Mungu akaizuia.

Tuliokolewa na yule mrina asali. Alirudi mchana, peke yake, baiskeli imemchosha. Akasema, "Yule mheshimiwa nilimshusha stesheni. Nikamsubiri aseme na mtu. Hakusema na mtu, alipanda treni. Basi nimepita shamba la tumbaku, nimewaomba trekta, linakuja." Hata asali yake aliyoiacha njiani siafu walikuwa wameiingia, na hakulalamika. Trekta lilikuja na tela lake, Kalunde akapelekwa kwa daktari, akatazamwa, akaambiwa ashukuru. Gari likavutwa kurudi kijijini kama mzoga.

Ningekuwa mtu wa kusamehe, ningeishia hapo. Lakini Katibu aliporudi kutoka Tabora aliitisha mkutano wa kijiji, na hoja ya mkutano ilikuwa mimi.

Alisimama akasema gari la umma limeharibiwa. Akasema yeye hatamki neno hujuma, lakini analifikiria. Akauliza, "Ni nani katika kijiji hiki aliyekuwa akifungua gari hili kila asubuhi bila kutumwa na mtu? Ni nani aliyekuwa akichomoa vyuma na kuvifuta kwa matambara? Ni fundi? Ana cheti cha ufundi?" Watu wakanigeukia. Kwa sababu ni kweli, Baba, kila mtu aliniona! Mikono iliyoonekana kwenye gari lile ilikuwa yangu peke yangu. Yeye aliyelibebesha matofali hakuna aliyemwona ameshika hata kizibo. Yaani ukitunza kitu, kikiharibika ni wewe, na usipokitunza u msafi kama maji ya mvua.

Nikasimama nikaeleza habari ya oili, na alama, na ufunguo. Katibu akatabasamu. "Nesi anasema. Nani mwingine anasema?" Nikamtazama Mzee Kasanda. Alikuwa anatazama kofia yake mikononi. Nilimwelewa, watoto wanane, na kazi ya udereva ni Katibu anayeitoa. Lakini kumwelewa hakukunipunguzia uchungu. Nilijua kwamba nikikaa chini wakati ule, barua ya kunifukuza itamaliziwa jioni ile ile, maana alikuwa ameshaianza, niliiona mkobani mwake.

Ndipo akasimama Kalunde.

Alikuwa na siku sita tu tangu azae, mtoto kifuani, hakupaswa hata kutoka ndani. Kiswahili chake ni kidogo, akasema kwa Kinyamwezi, na mama mkwe wake akawa anatafsiri neno kwa neno, bila kupamba. Akasema, "Mimi nilikaa katikati. Mlidhani mwenye uchungu hasikii. Taa ndogo nyekundu iliwaka mbele yetu. Dereva akasema, Katibu, taa ya oili hiyo. Katibu akasema, taa hiyo ni mgonjwa wa Nesi, wewe endesha. Nesi akapiga paa. Dereva akataka kusimama. Katibu akaweka mkono wake kwenye usukani, akasema, treni ikiniacha na wewe nitakuacha." Kisha akakaa chini, akamnyonyesha mtoto.

Mzee Kasanda akasimama polepole kama mtu anayetoka chini ya mzigo. "Ni kweli yote," akasema. "Na kijiti Nesi alinionyesha kabla hatujatoka. Nilijua. Niliogopa."

Mwenyekiti wetu ni mtu mpole, hapendi ugomvi, lakini hapo aliinuka akasema stoo ifunguliwe sasa hivi. Tukaenda wote, kundi zima. Katibu mwenyewe akazungusha ufunguo. Na kopo lilikuwa pale, Baba, juu ya rafu, mkono wa kulia unapoingia. Mwenyekiti akalitikisa. Zaidi ya nusu! Sikujua kama nicheke au nimrushie mtu. Laiti ingekuwa hatuna oili, ningesema ni umaskini, nchi ni changa, tuvumilie. Lakini oili ilikuwepo. Ilikuwa hatua arobaini kutoka pale gari linapoegeshwa. Kilichokosekana ni mtu mmoja kumwona mtu mwingine kuwa anajua anachosema.

Wanawake walianza kuguna, mguno ule wa chini usiojua umeanzia kwa nani. Katibu akainua mikono yote miwili. "Ndugu zangu," akasema, "tusitafute mchawi. Tumeteleza. Kosa hili ni letu sote."

Letu sote! Gari likiwa zima la kubeba matofali lilikuwa la nani? Nilimwambia hivyo hivyo, mbele ya watu. Nilimwambia, "Kalunde hakuteleza. Mtoto huyu hakuteleza. Mzee Kasanda aliogopa, na amekiri. Mimi nilinyamaza, na nakiri. Wewe bado." Hakukiri. Mpaka sasa hajakiri. Ila Mwenyekiti aliitaka ile barua mkobani, akaichana, na ufunguo wa stoo sasa anakaa nao mama mmoja mjane anayeishi jirani na zahanati, hasafiri popote.

Sasa nakuja kwenye haja yangu. Injini imetolewa. Imefungwa kwenye magunia na itapanda treni Kaliua kuja kwako, Mzee Kasanda ataisindikiza mwenyewe, mpokee, mpe chakula, usimgombeze, ameshajigombeza vya kutosha. Uitazame kama inafufuka. Nadhani beringi zimekwisha na fimbo moja ya pistoni imepinda, lakini wewe ndiye utakayeona.

Katibu ameshaanza kusema kwamba karatasi ya fundi ya kueleza kilichoua injini haitakuwa na maana kwa kuwa fundi ni baba wa mtuhumiwa. Kwa hiyo usiifungue peke yako. Waite mafundi wawili wa mtaa wa pili, wale usiopatana nao sana, muifungue pamoja, na kila mmoja aandike kwa mkono wake alichokiona. Na kama mkikuta kosa ni langu, Baba, kama kuna uchafu niliouingiza, au kizibo nilichokikaza vibaya, andika hivyo hivyo. Nimekasirika kwa sababu ya ukweli. Sitaki kulindwa kwa kingine.

Tena fanya haraka, hata kama una malori ya watu uwanjani. Nina wajawazito wanne wanaokaribia, na trekta si kila siku litapatikana. Mmoja wao ni mke wa Katibu. Alikuja jana kupimwa, hakuweza kuninyanyulia macho. Nilimpima kama ninavyowapima wenzake, mtoto amekaa vizuri kwa sasa, lakini mama ni mfupi na nyonga zake zinanitia wasiwasi. Nimeshamwandika wa kwanza kwenye orodha ya gari.

Nisalimie Mama, mwambie khanga zile mbili zimekwenda kwa kazi njema, asiulize. Nisalimie shangazi msuka vitanda, na kaka yangu mkubwa wa stesheni, yeye asaidie kuishusha injini isigongwe. Nisalimie bibi, umsomee polepole, na ukifika pale pa mpunga wa Katibu uparuke, asije akapandisha presha.

Ni mimi binti yako, mwenye kidole kilichoungua lakini kinachoandika,

Zuhura.